Diski ya Aprili

Usiniulize kama naamini. Nakupa vile Nekoye, jirani yetu wa Langas, alinisimulia mwenyewe. Ilikuwa Juni mwaka wa tisini, na mchana kweupe. Alikuwa karani wa kliniki ndogo kule Soy, na siku hiyo alienda kazini kama kawaida, bintiye wa wiki sita mgongoni. Mtoto aliitwa Nabwire. Ni jina la mamake Nekoye, aliyezikwa mwanzo wa Mei, siku chache kabla mtoto azaliwe.

Kompyuta ya kliniki ilitengenezewa programu na fundi Shitanda. Ndani yake kila mgonjwa alikuwa mtu kamili: umri, magonjwa, watoto wake, na neno la kusema kama yu hai au amekufa. Kila Ijumaa programu iliwafungasha wote kuwa mstari mmoja mrefu wa herufi, ikawatia kwenye diski.

"Ukiwarudisha, wanarudi vile walikuwa siku hiyo," Shitanda alimwonya. "Wote. Huwezi chagua mmoja. Na wale walikuja baadaye wanafutika."

Nekoye alidhani ni mambo ya skrini tu. Na jamani, hamu ya mama! Saa saba, wagonjwa wakiwa wameisha, alimlaza mtoto kwenye benchi, akatoa diski ya Aprili. Alitaka tu kuona lile neno kando ya jina la mamake. Dakika moja, kisha aweke ya Juni.

Akabonyeza. Majina yakapanda. Nabwire, miaka hamsini na nane. Hai.

Nyuma yake mtu akakohoa.

Kikohozi hicho alikijua. Mamake alikuwa ameketi kwenye benchi, leso kichwani, matope mabichi kwenye raba zake. Nekoye alimrukia akilia kwa furaha. Mwili wa mama ulikuwa na joto kabisa.

Kisha akatazama benchi.

"Mama," akanong'ona, "Nabwire ako wapi?"

"Si ni mimi huyu."

"Mtoto, mama. Mtoto wangu."

"Mtoto gani? Wewe hujazaa bado."

Akaivamia diski ya Juni. Akaiingiza. Tupu. Akaitoa, akaipangusa, akairudisha. Tupu.

Hapa Langas hakuna anayemkumbuka huyo mtoto. Hata mimi simkumbuki. Mamake Nekoye tunamwona kila siku akianika mahindi, na hatukumbuki kumzika.

Lakini jioni ile nilimfulia Nekoye blauzi. Ilikuwa imelowa kifuani, pande zote mbili. Ilikuwa maziwa.