Bawabu Ameamka

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma, duka la kutengeneza redio.

Shemeji alichora karakana ya kampuni ya gemu kwa chaki juu ya meza. Mlango wa mbele, ngazi, meza ya mafundi. Walimwita Shemeji kwa sababu alimwoa dada yake Fundi. Ndiye aliyemchoma kaka yao kwa polisi ili yeye apone. Kaka alifia rumande, akisubiri kesi. Shemeji alidhani Fundi hajui. Fundi alijua, na alimchukia mpaka usingizini.

Dereva alitaka kujua kwa nini wahatarishe shingo kwa ajili ya mashine ya gemu.

"Kila mashine ina programu ya ndani, inaamka kabla ya yote," Fundi alisema. "Ni bawabu. Gemu isiyo na muhuri wa kampuni haipiti. Mashine ya mafundi wa kampuni ina bawabu wa toleo la zamani, anayesinzia. Ukimsoma huyo, wenzake umewajua."

Hayo alifundishwa na kaka, aliyetaka mtu akinunua mashine aiamuru mwenyewe. Shemeji alipiga miayo. Yeye alikuwa na mnunuzi tu.

Saa saba mchana, karakanani. Wafanyakazi walikuwa wakila. Mlinzi alisimama kuwauliza, Shemeji akamtwanga kitako cha bastola, mzee wa watu akalala sakafuni. Mashine ilikuwa mezani, inawaka. Fundi alibonyeza upesi.

"Unafanya nini?"

"Namlaza bawabu."

Alikuwa akiandika nywila ya mtandao wa nyumbani kwa Shemeji. Dada yake hakuwepo huko, Fundi alishamtuma kwa mama tangu jana.

Njiani Shemeji aliipakata mashine, akatoa bastola. Washuke, mgao hakuna. Dereva alitukana mpaka gari likapotea.

"Mwache," Fundi alisema. "Ataiwasha kwake, mnunuzi aone. Itaingia mtandaoni, ijipandishe toleo. Toleo jipya halirudi nyuma, bawabu anayesinzia hayupo tena. Na kampuni itajua iko wapi."

Saa kumi simu ikalia. Shemeji, bila haya.

"Inasema inajisasisha. Niizime?"

"Usizime, shemeji. Ukiikatiza inakufa, na mnunuzi utamkosa. Subiri."

Kisha king'ora kikasikika simuni, kwa mbali, kikikaribia.

"Nisubiri mpaka lini?"

"Kaka alisubiri mpaka akafa," Fundi alisema, akakata simu.