Barafu Iliyotoka Ndooni

Haya nitakayowaeleza ni ya kweli kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Nikiongopa, meno yangu yote mawili yang'oke. Yalitokea mwezi wa Machi mwaka 1996, nyumbani kwa binti yangu Leah huko Coon Rapids, kaskazini mwa Minneapolis. Nilikuwa nimestaafu, nikaenda kumsalimia. Baridi ya huko ilikuwa kali hata mtu akipiga chafya nje, chafya yenyewe ilianguka chini ikavunjika vipande.

Kila asubuhi Leah alirudi kutoka zamu ya usiku hospitalini na kumkuta mjukuu wangu Mumbi akinywa uji, akisubiri basi la shule. Mumbi alikuwa darasa la sita. Kiswahili alikielewa chote, lakini kwa kawaida alinijibu kwa Kiingereza. Akikasirika au akifurahi sana, hapo Kiswahili kilimtoka kama maji ya bomba.

Uani palikuwa na miti miwili ya mepo. Theluji inapoanza kuyeyuka, utomvu wa mepo hukingwa kwa ndoo na kuchemshwa hadi uwe shira ya kumwagia chapati za maji. Leah alitaka kujenga banda la gari, kwa hiyo ilibidi mti mmoja ukatwe, wowote kati ya hiyo miwili.

"Utabaki ule wenye sukari nyingi zaidi," alisema. "Mumbi, Jumamosi utapima wewe. Ukikuta barafu ndooni, iache iyeyuke kwanza jikoni, ndipo upime."

Mti mmoja ulikuwa karibu na barabara. Wa pili ulisimama dirishani pa chumba cha Mumbi, na tawi lake liligonga kioo kila upepo ulipovuma. Walipohamia pale hakuwa na rafiki hata mmoja, na tawi hilo ndilo lililokuwa likimbishia hodi. Niliona mdomo ukimtetemeka.

Jumamosi aliingiza ndoo zote mbili jikoni. Ya mti wa barabarani ilikuwa na barafu nene juu. Ya mti wake haikuwa nayo. Barafu ilipokwisha kuyeyuka, alitumbukiza kipimo, yaani mrija wa kioo wenye namba. Sukari ikiwa nyingi, mrija huelea juu zaidi. Mti wa barabarani ulipata mbili na nusu kwa mia. Wa dirishani ukapata nne.

"Nne! Babu, ni nne!" aliruka.

"Nilijua," nikasema. "Nyuki wa mji wa Lakeville wamekwisha kufunga mizigo waje huku."

Alitoka kwenda kutazama mti wake, akakawia. Nilichungulia dirishani. Alikuwa ameinama juu ya bonge la barafu, la mviringo kama sinia. Alivunja kipande, akakitia mdomoni, kisha akarudi ndani amelikumbatia bonge lote.

"Babu, nani ametoa barafu kwenye ndoo yangu?"

"Kindi," nilijibu upesi. "Kindi wa huku wana nguvu. Nimemwona kwa macho yangu ameibeba kichwani."

"Kindi huyo anavaa buti?"

Nilizitazama buti zangu mlangoni. Zilikuwa bado zina theluji.

"Haya, ni mimi. Lakini sikuongeza hata punje ya sukari! Wala wewe hukuongeza. Mti wako umepona, sasa unalalamika nini?"

"Barafu hii haina utamu, nimeionja. Ni maji matupu. Umeyatoa maji, sukari yote ikabaki kwenye utomvu kidogo uliosalia."

"Mama yako amelala. Nani atamwambia?"

Mumbi aliketi. Tawi liligonga kioo kule chumbani, sote wawili tukalisikia. Mwishowe alilirudisha bonge ndooni, akasubiri liyeyuke, akakoroga na kupima tena. Mbili. Alifuta machozi kwa mkono wa sweta, akaenda kumwamsha mama yake.

Leah alikuja na kanga yake, akasikiliza yote, akakitazama kipimo.

"Ungeninyamazia, mti wako ungebaki," alisema, "na kila ukigonga dirisha ungekukumbusha uongo huo. Sikiliza, mwanangu. Si lazima uongeze kitu ndipo uwe umedanganya. Hata anayepunguza kimyakimya amedanganya. Leo umepoteza mti, lakini namba yoyote utakayonipa nitaiamini bila kuipima mara ya pili."

Mti wa dirishani ulikatwa mwezi uliofuata. Mumbi aliomba kipande cha shina, akakifanya kigoda. Vipande vingine vilirundikwa uani, vikubwa kama ngoma.

"Na wewe, Baba," Leah aliniambia, "kwa heshima zako zote, nani atapasua kuni hizi?"

"Ningependa sana, mwanangu. Ila mgongo huu uliwahi kukanyagwa na kifaru."

"Juzi ulisema ni kiboko," Mumbi akadakia.

Leah alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akaniletea shoka. Nilipasua kuni wiki nzima, viganja vikajaa malengelenge, na mjukuu wangu akiketi kwenye kigoda chake kunihesabia vipande. Hakuniongezea hata kimoja.