Usukani wa Jicho Moja

Ndugu zangu, yaliyoipata nyumba ya Epifania na Raymond pale Malangali ya Ufipa hayakuletwa na mchawi wala jirani mwenye kijicho. Yaliletwa na siri ndogo iliyolelewa ndani ya nyumba mpaka ikaota meno. Nisikilizeni, kisha kila mtu aangalie nyumbani kwake.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, kiangazi, upepo wa Ufipa ukivuma vizuri kwa wenye kupepeta. Epifania alikuwa uani na ungo wake wa ulezi. Mumewe Raymond, dereva wa Fuso, lori la Mzee Theodory, alimshikia mdomo wa gunia huku akimsimulia vituko vya safari. Binti yao Fortunata alikuwa kwa bibi yake. Nyumba ilikuwa imetulia.

Epifania akamnyooshea mumewe kikombe cha togwa. Raymond akanyoosha mkono, vidole vikafumba hewa kabla ya kukifikia. Akacheka, akajaribu tena, akakipata. Epifania aliviona vidole vile. Siku za karibuni aliona mengi ya namna hiyo: nguzo ya geti iliyokwanguliwa na bampa, chai iliyomiminwa pembeni ya kikombe, ngazi ya kanisa iliyomkwaza mtu mzima kama mtoto anayejifunza kutembea.

Mara upepo ukageuka, kapi likamwingia Raymond jicho la kushoto. Akalifumba kwa maumivu, gunia likamponyoka.

"Mama Fortunata, uko wapi?"

"Si niko hapa."

"Nipe maji. Uko wapi?"

Alikuwa mbele ya uso wake. Jicho la kulia la Raymond lilikuwa wazi kabisa, linamtazama, na halimwoni.

Alipokwisha kumsafisha lile la kushoto, Epifania alimkalisha kwenye kigoda, akalifunika kwa kiganja chake. "Hivi ni vidole vingapi?"

Raymond akakaza jicho la kulia. Kisha akasema taratibu, "Naona mwanga tu. Kama niko ndani ya moshi."

Ndipo ikatoka habari yote. Masika yaliyopita, yeye na mafundi wakigonga springi ya gari karakana, kipande cha chuma kiliruka kikampiga jichoni. Liliuma, likapoa, na baada ya hapo ukungu ukaanza kuingia polepole. Jicho la kushoto lilikuwa zima, kwa hiyo aliona njia, aliona watu, alisoma hata namba za magari. Kitu kilichompotea ni kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali.

"Kesho twende kliniki ya macho," Epifania akasema.

"Kliniki ya hapa mjini? Nikikaa kwenye lile benchi asubuhi, mchana Mzee Theodory ameshajua. Atanipa nani tena gari?" Raymond akamshika mkono. "Rafiki yangu Steven alipigwa leza ya macho Dar es Salaam. Alikuwa na miwani mizito kama vitako vya chupa, sasa hana. Naweka akiba. Nikienda, nitarudi mzima, na hakuna atakayejua."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo ninaendesha. Barabara ya bondeni Rukwa naijua hata nikilala. Wewe ukisema tu, umeninyang'anya usukani."

Epifania alikubali. Msimhukumu upesi. Alikuwa mke, na heshima ya mume alifundishwa kuifunika kama moto wa usiku. Lakini moto uliofunikwa haujazimika.

Tangu siku hiyo usingizi ulimkimbia. Kila Fuso lilipochelewa kurudi, alisimama getini akisikiliza ngurumo. Hatimaye akabuni dawa yake mwenyewe: kila alipopata nafasi alipanda naye, kwa kisingizio cha kwenda kununua mchele bondeni. Alikaa kushoto na kuwa jicho la pili la mumewe.

"Lori linakuja. Bado. Bado. Sasa pita."

Watu waliwaona pamoja wakasema, tazama ndoa ya watu wanaopendana. Hawakujua kwamba mwanamke ndiye aliyekuwa akimpimia mumewe umbali njia nzima.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane walipakia mbolea kwenda Kaoze, kule bondeni. Kabla ya kuondoka, Mzee Theodory mwenyewe alikuja kukagua kamba.

"Shikamoo, mzee," Epifania akamwamkia.

"Marahaba, mama. Naona siku hizi mnasafiri wote. Kuna tatizo gani?"

Mdomo wa Epifania ukafunguka. Akamwona Raymond akimtazama kutoka usukanini, jicho moja likimsihi. "Hakuna tatizo, mzee. Nafuata mchele," akajibu. Mlango huo ulifunguka mbele yake, naye akaurudisha kwa mkono wake mwenyewe.

Waliteremka ukingo wa bonde salama, kona baada ya kona, Epifania akihesabu pumzi. Walipofika tambarare, Raymond akalegeza mabega, akaongeza mwendo. Jua la asubuhi lilikuwa linawapiga usoni, na mbele yao basi dogo lilikuwa limeacha vumbi jekundu limesimama barabarani kama ukuta.

"Punguza," Epifania akasema.

"Vumbi tu hilo."

Ndani ya vumbi Epifania aliona umbo, likawa pembe, likawa mkokoteni wa ng'ombe wenye magunia ya mahindi, na mtu ameketi juu yake.

"Mkokoteni, Baba Fortunata. Breki."

"Nauona. Bado uko mbali."

"Uko hapa. Breki."

"Nakwambia bado uko..."

Hakumaliza. Breki zililia wakati bampa limeshagusa mbao. Mkokoteni ulipasuka, ng'ombe mmoja akaanguka chini ya nira, na yule mtu akarushwa mpaka kwenye mfereji. Fuso lilisimama limekaa upande. Vumbi lilipotulia, Epifania alimsikia mtu akiita mama yake kwa Kisukuma.

Jina lake Loth, mfugaji aliyehamia bonde la Rukwa na wazazi wake akiwa mtoto. Epifania alivua khanga akamfunga mguu, damu ikapenya. Raymond alipiga magoti kando yake. "Ngosha, nisamehe. Ngosha, usilale," alirudia, akimwita kama Wasukuma wamwitavyo mwanamume, kana kwamba hakuna maneno mengine yaliyosalia duniani. Waliokuwa wanapita walimchukua Loth kwa gari lingine mpaka hospitali. Mguu haukuokoka. Ulikatwa chini ya goti.

Askari wa usalama barabarani alipofika, alimwuliza Raymond ilikuwaje.

"Breki zilikataa, afande," Raymond akajibu, sauti ikiwa ndogo.

Askari akamgeukia Epifania. "Mama, ulikuwa umekaa mbele. Breki zilikataa?"

Fikirini mko mahali pake. Mume wako amesimama hapo na vumbi usoni, baba wa mwanao. Ukisema ndiyo, lawama inakwenda kwa Mzee Theodory na gari lake. Ukisema hapana, unamfungulia mumeo mlango wa mahabusu. Epifania alitazama damu iliyokauka mikononi mwake.

"Hapana, afande. Breki ni nzima. Mume wangu haoni jicho la kulia, na mimi nilijua."

Raymond akainamisha kichwa. Hakubisha.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Raymond alilala mahabusu, akafikishwa mahakamani, akanyang'anywa leseni na kuadhibiwa. Mzee Theodory hakupiga kelele. Alimwambia Epifania neno moja tu: "Mama, nilikuuliza." Neno hilo lilimchoma kuliko matusi.

Raymond alipomaliza adhabu, Epifania alimpeleka kliniki ile ile aliyoikimbia. Daktari Silvana alimpima kila jicho peke yake, akamulika, akatazama kwa muda mrefu.

"Nilikuwa naweka akiba ya leza kama aliyopigwa rafiki yangu, daktari," Raymond akasema. "Itanirudishia uwezo wa kupima umbali?"

"Hiyo siyo dawa yako. Macho mawili huuletea ubongo picha mbili zinazotofautiana kidogo. Ubongo ukiziunganisha, unajua kipi kiko karibu. Leza aliyopigwa rafiki yako huchonga kioo cha mbele cha jicho ili mtu aone bila miwani. Kama shida yako ingekuwa miwani, jicho moja kali na jingine hafifu, ingeweza kukusaidia. Kwako wewe lenzi ya ndani ndiyo imeingia ukungu, mtoto wa jicho aliyetokana na lile pigo. Huwezi kusafisha dirisha la ndani kwa kupangusa la nje."

"Basi ndiyo nimekwisha?"

"Hapana. Tunaitoa lenzi mbovu na kuweka ya bandia. Ni upasuaji wa kawaida. Ungekuja mapema, ungekuwa umeshafanyiwa zamani."

Epifania akauliza, "Kwani mwenye jicho moja haruhusiwi kuendesha kabisa?"

"Wapo wanaoendesha vizuri, mama. Lakini hao wamepimwa, wameruhusiwa, na wamejifunza upya kukadiria umbali. Huyu alikuwa anabahatisha."

Alipasuliwa, na Mungu akajalia jicho likapona. Umbali ulirudi kidogo kidogo. Leseni haikurudi.

Siku alipoweza kusafiri, wakaenda Kaoze kumwona Loth. Mkewe, Salome, aliwapokea bila tabasamu, akawapa viti. Loth alitoka ndani kwa magongo, akakaa, akamtazama Raymond machoni.

"Limepona?"

"Limepona, ndugu yangu."

"Vizuri," Loth akasema. Akasikiliza ng'ombe wakitolewa zizini na mtu mwingine. "Mguu wangu hauoti tena."

Raymond akamwuliza shamba lake liko wapi. Tangu hapo kila msimu wa kulima yeye na Epifania hushuka bondeni kumsaidia Loth shambani. Hakuna aliyewaamuru. Wala hakuna anayedhani inatosha.

FUNZO

Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Mimi naongeza: si lazima kimuumbue yeye; huweza kumpitia jirani asiye na kosa. Ukiona mwenzio anashika hewa badala ya kikombe, anakwaruza nguzo, anakosea ngazi, mpeleke akapimwe, na kila jicho lipimwe peke yake, kwa maana jicho zima huweza kuficha bovu. Msikimbilie dawa ya rafiki, hata kama yeye ilimponya. Leza ina kazi yake. Haitoi mtoto wa jicho, wala haimfundishi mtoto mwenye makengeza kutumia macho yote mawili. Huyo naye apelekwe angali mdogo, asisubirishwe mpaka akue. Dawa ijulikane baada ya ugonjwa kujulikana.

Na ninyi wake, waume, ndugu na marafiki: kumsitiri mtu si kumwacha aue. Epifania alisema kweli, lakini aliisema barabarani, mbele ya damu, wakati angeweza kuisema asubuhi ile alipoulizwa.