Nilimpa Shemeji Maneno Yangu, Akaniletea Jani la Sale

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kidogo. Mwaka wangu hasa siujui. Mama alisema nilizaliwa wakati Wajerumani wanaondoka na Waingereza wanaingia, basi hesabuni wenyewe. Ni mjane. Nina mtoto mmoja, msichana, anaitwa Anande. Tumepanga chumba Shirimatunda, huku chini karibu na mji wa Moshi, penye vumbi na joto, mimi niliyezaliwa na kuolewa juu mlimani kwenye migomba na maji ya baridi. Nimefikaje huku? Nitawaeleza bila kupamba, maana hasira bado ninayo.

Mume wangu alikuwa mchili, yaani mkuu wa mtaa wetu chini ya Mangi, chifu wetu. Ni umangi upi, sitautaja. Watu wakigombania mpaka, au zamu ya maji ya mfereji, au mbuzi akila maharage ya jirani, walikuja uani kwetu wasikilizwe. Mume wangu alikuwa mpole, mtu mwema, na sura yake ya kuheshimika. Lakini kukata shauri... hapana. Alimsikiliza huyu akaona ana haki, akamsikiliza yule akaona naye ana haki.

Basi tulikuwa na mtindo wetu. Wao wakizungumza uani, mimi niko ndani nakoroga mbege, pombe yetu ya ndizi, na kutega sikio. Wakimaliza, mume wangu husema, "Ngojeni nichukue kata moja ya mbege." Anaingia. Namnong'oneza nani anadanganya na aulizwe nini. Anajaza kata yake, anatoka, anaamua. Watu walishajua. Walitaniana njiani kwamba mchili wetu bila pombe hana akili, na pombe yenyewe imepikwa na mke wake. Mume wangu alikuwa anacheka tu. Hakuwahi kunionea haya, Mungu amrehemu.

Akafa majira ya mvua, kifua kilimbana siku chache tu. Tukamzika kihambani. Kihamba kwetu Wachagga ndilo shamba la nyumbani: nyumba, migomba, kahawa, ng'ombe zizini, makaburi ya watu wako, vyote pahali pamoja. Ukikosa kihamba, utaambiwa wewe ni mtu wa kupita. Na kwa desturi yetu kihamba humwendea mtoto wa kiume. Mimi sikujaliwa mtoto wa kiume.

Msiba haujapoa, watu wakaanza kuja tena uani. Walisema, "Mama Anande, Mangi hajamtaja mchili mwingine. Tusaidie." Kwanza walikuja wanawake niliozoeana nao sokoni, halafu wakaja na wanaume, wanajikohoza kwanza kwa aibu. Niliwasikiliza. Niliamua. Waliondoka wamepatana. Kwa nini niwafiche? Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza nilisema maneno yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana, watu wakinitazama usoni.

Ndipo akaja Elisaria, mdogo wake marehemu mume wangu. Alikaa kwenye kiti cha kaka yake bila kukaribishwa. Akaniambia kwamba mimi nina akili, hilo mtaa mzima unalijua, ila mwanamke hawezi kukaa mbele ya Mangi na wazee akawa mchili. Hata Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, angecheka. Akasema, "Shemeji, wewe uwe kichwa, mimi niwe mdomo. Kaka alifanya hivyo na mtaa ulitulia."

Na mimi nikakubali... Mnaniuliza kwa nini? Kwa sababu ya kihamba. Nilimwambia nitampa maneno yangu yote, lakini aape mbele ya mzee wa ukoo kwamba kihamba kitabaki mikononi mwangu na mwa Anande, asitutoe mtu. Akaapa. Mzee wa ukoo akatutemea mate kifuani kutubariki, mbuzi akachinjwa, tukala.

Nilifanya kazi yangu. Nilimfundisha Elisaria namna ya kuwaacha watu wamalize hasira kabla ya kuuliza. Nilimfundisha kumuuliza kila anayekuja kuomba radhi, "Unaomba radhi ya kosa gani? Litaje." Maana kwetu mtu akikosa, huja na jani la sale, lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani. Anakuja nalo, amelifunga fundo, na anayeletewa hawezi kulikataa. Akilikataa, lawama zote zinamgeukia yeye, na wazee wanasema amejiitia laana. Ndiyo sababu nilimsisitizia: asiruhusu mtu afiche kosa lake nyuma ya jani.

Mangi akasikia habari za huyu Elisaria anayepatanisha watu vizuri. Akamfanya mchili. Mtaa ukashangilia, na mimi nikapiga vigelegele pamoja nao.

Siku zilivyosogea, mashauri yakahamia uani kwake. Alisema ni karibu na barabara. Mwanzoni alinipitia kuniuliza. Baadaye akawa anamtuma mkewe aniulize. Halafu akaacha kabisa. Nilimfuata siku moja sokoni, nikamwambia kwa adabu kwamba shauri fulani la maji ameliharibu. Akaniangalia mbele ya wanawake wote, akasema, "Shemeji, rudi jikoni. Hii si kazi ya watu wenye kanga." Wanawake wakainamia mizigo yao. Na mimi nikauza ndizi zangu mpaka mwisho.

Siku hiyo hiyo niliporudi nyumbani, nikakuta kijana mkubwa wa Elisaria anapanda masale katikati ya kahawa yangu. Masale mapya, mstari mzima, kuanzia mferejini hadi karibu na kaburi la mume wangu. Nikamuuliza anafanya nini. Akajibu kwamba anataka kuoa, na baba yake amempa sehemu ya kujenga.

Nilikwenda kwa Elisaria mchana ule ule. Nikamkumbusha kiapo. Akaniambia aliapa kwamba hatanitoa, na hanitoi: naweza kubaki, lakini niingie chini ya nyumba yake. Mke wake alikuwa pale, ameinamisha kichwa, anamenya ndizi. Nilielewa anachotaka: anirithi, niwe mke wake wa pili. Nikamwambia mimi ni Mkristo na yeye ni Mkristo, tunakaa benchi moja kanisani, asirudie neno hilo. Akasema, "Basi usilie baadaye."

Nikaenda kushtaki kwa Mangi. Ndiyo, mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Karani akaniuliza nani atanisemea, nikamwambia nitajisemea. Habari zikavuma mtaani. Mama Eshikaeli, rafiki yangu tunayeuza naye ndizi, akawakusanya wanawake wa sokoni. Wengi wao ni wajane, au wana watoto wa kike tupu. Waliona shauri langu likishinda, na wao watapona. Wakasema siku ya baraza hawatakwenda sokoni. Watakuja na mizigo yao, wasimame nyuma yangu.

Shauri liliwekwa Jumatatu. Jumapili, baada ya ibada, Elisaria akaja nyumbani. Amekuja na mzee wa ukoo na wazee wengine wawili, na mkononi ameshika jani la sale. Wasomaji, yule mtu alilia. Machozi ya kweli yalimtoka, au mimi niliyaona ya kweli. Akasema, "Shemeji, nimekukosea. Nimekukosea sana. Pokea."

Moyo wangu ulilainika palepale. Nilifikiri analia kwa ile aibu ya sokoni, kwa lile neno chafu alilonitamkia, kwa masale kwenye kahawa yangu. Nilifikiri kesho atang'oa yale masale na tutakwenda kwa Mangi kusema yamekwisha. Mzee wa ukoo alikuwa ananitazama. Anande alikuwa mlangoni ananitazama. Nani angerudisha sale siku ya Bwana, mbele ya wazee?

Nikapokea.

Sikuuliza radhi ya kosa gani. Mimi! Niliyemfundisha kuuliza.

Kesho yake nikaenda barazani nimetulia. Wanawake walikuwepo, wameshusha mikungu yao chini, wamejipanga nyuma yangu. Shauri likaitwa. Kabla sijafungua mdomo, Elisaria akasimama, akainama, akasema kwa upole ule ule niliomfundisha: "Mangi, shauri hili limekwisha nyumbani. Mlalamikaji amepokea sale. Mwulizeni."

Mangi akaniuliza kama nimepokea. Nikasema nimepokea, lakini...

Mzee wa ukoo akanikatiza. "Sale haina lakini, Mama Anande."

Nikasema nilisamehe matusi, sikutoa kihamba. Mangi akamuuliza mzee: wakati jani linapokelewa, kosa gani lilitajwa? Mzee akajibu halikutajwa hata moja, kwa hiyo yamesamehewa yote. Wanaume wakaguna kukubali. Niliona Mangi hapendi, ila alisema hawezi kufungua alichofunga mwenye shauri mwenyewe. Masale yakabaki palepale yalipopandwa. Na kama ni kihamba kilichosalia, basi kiangaliwe na mchili, kwa niaba ya ukoo.

Nilisimama pale nikatafuta maneno. Mimi ambaye maneno hayajawahi kunikosa, siku ile yalinikosa.

Wanawake wakaanza kujitwisha mikungu yao, mmoja mmoja, bila kunisemesha. Mama Eshikaeli ndiye aliyenisubiri njiani. Hakunifokea. Aliniambia taratibu, "Dada, ulipopokea lile jani ungetukumbuka na sisi." Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu, na simlaumu. Wajane wawili kati ya wale wameshatolewa kwenye vihamba vyao, na kila mara Elisaria hutoa mfano wa shauri langu.

Tulikaa miezi michache tukibanwa. Kijana akajenga, akaoa. Mkewe akachota maji akapita mbele ya mlango wangu bila salamu. Ng'ombe wangu akahamishwa zizi, nikaambiwa ni wa ukoo. Mwisho nikafunga vitu vyetu kwenye shuka, mimi na Anande tukateremka mpaka mjini kwa miguu. Kaburi la mume wangu sasa liko uani kwa mtu mwingine, na nikitaka kulipalilia sharti niombe ruhusa.

Wasomaji wenzangu, sikuandika nionewe huruma. Wanaume waliokuwa wabaya wako wengi, na waliokuwa wema nao wapo, mume wangu alikuwa mmoja. Lakini hata yeye, nikifikiri sasa, kwa nini hakutoka nje siku moja tu akasema, "Maneno haya ni ya mke wangu"? Kwa nini mimi sikumtaka aseme? Tulizoea. Tuliona ni mzaha wa nyumbani. Na Elisaria akautumia mzaha wetu kujipatia kiti.

Dada yangu unayesoma, mtu akija kwako na machozi, mwache alie, ila umuulize analilia nini. Alitaje. Akishindwa kulitaja, hajaja kuomba radhi. Na ukiwa na maneno ya kuwafaa watu, yaseme wewe, hata sauti ikitetemeka, hata wakicheka. Usimpe mtu mwingine aende kuyasema, kwa sababu siku yatakapohitajika kukutetea wewe, yatakuwa yake.

Wiki iliyopita walikuja wanaume watatu hapa Shirimatunda, vijana wasomi, wana kofia na viatu safi. Wanatafuta watu wa kujiunga na chama, wanasema siku za Mwingereza zinahesabika na nchi itakuwa yetu. Walinisalimu shikamoo vizuri kabisa. Wakasema wamesikia habari za wanawake waliosimama nyuma yangu barazani, kwamba nina uwezo wa kuwakusanya. Wakaomba niwakusanye uwanjani Jumamosi. Nikawauliza nani atazungumza. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mama, wewe utuletee watu tu na utuambie shida zao. Kuzungumza tutazungumza sisi."

Nikawaambia nitakuja Jumamosi kama nitazungumza mimi. Kama sivyo, wasinihesabu. Walinishukuru, wakaaga.

Halafu nikawasikia wanabisha hodi mlango wa pili, kwa jirani yangu Bi Zuhura, mjane mwenzangu, mwenye mabinti wawili na ulimi mtamu kuliko wangu. Wakamwambia yale yale. Nikamsikia anacheka kwa furaha, anawakaribisha ndani.