Soksi Kwenye Feni

Nyumbani, Mama Pacha alikuwa akiamshwa na vishindo vya watoto wake wawili. Sasa aliamka ndani ya mfuko wa kulalia uliofungwa ukutani, mbali kabisa na dunia. Alikuwa fundi wa kituo cha anga, chombo kikubwa kinachoizunguka dunia mchana na usiku.

Tusidanganyane, ile ni kazi ya watu wenye moyo. Humo ndani mtu anaelea tu. Kijiko ukikiachia, kinajiendea zake. Hata jasho husafishwa likawa maji ya kunywa, nao wanayanywa bila kukunja uso.

Asubuhi ile Mama Pacha aliamka kichwa kinamgonga, kama jana na juzi. Alipozungumza na nyumbani kwenye skrini, mumewe alimkazia macho.

"Mke wangu, mbona macho mekundu?"

"Kichwa tu, Baba Pacha. Kitapoa."

"Umemwambia daktari?"

"Nikimwambia, ataninyima kazi ya leo."

Mchana ule chombo cha mizigo kingefika na chakula na vipuri. Mama Pacha ndiye angekidaka kwa mkono mrefu wa chuma. Kazi hiyo alikuwa ameifanyia mazoezi kwa miaka. Mkono ukiteleza kidogo, chombo kingegonga kituo, na wote wangekuwa hatarini.

Daktari wa kituo alikuwa akipita na chai yake. Akachungulia kwenye skrini.

"Shemeji, huyu niachie mimi," akamwambia Baba Pacha. Kisha akamgeukia Mama Pacha. "Ukificha maumivu, utatuponza sote. Nionyeshe unapolala."

Chumba chake kilikuwa kidogo kama kabati la nguo. Daktari aliingiza kichwa, akasikiliza. Kimya. Akapeleka mkono kwenye matundu ya feni, akachomoa soksi mbili nene.

"Hizi za nani?"

Mama Pacha akatazama pembeni. "Zangu. Hiyo feni inakoroma kuliko mume wangu. Nami nilitaka usingizi."

Daktari alicheka mpaka miguu ikawa juu. Kisha akaminya tone la maji kutoka kwenye mfuko wa kunywea. Tone likabaki hewani, mbele ya pua ya Mama Pacha.

"Unaona? Haliendi popote. Nyumbani pumzi unayotoa ni ya moto, kwa hiyo inapanda juu na hewa safi inaingia. Huku hakuna juu wala chini. Bila feni ya kuisukuma, pumzi yako inabaki hapo hapo usoni. Unalala ukivuta hewa ile ile chafu. Kichwa kitaacha kuuma?"

"Kumbe nilikuwa najiziba pumzi mwenyewe!"

"Kelele zikikusumbua, ziba masikio. Feni usiizibe kamwe."

Mama Pacha alikwenda mwenyewe kwa nahodha, mwanamke asiyependa maneno mengi, akamweleza yote.

"Pumzika penye feni kubwa," nahodha akasema. "Daktari akiridhika, kazi ni yako. Asiporidhika, nitaishika mimi."

Mama Pacha akaelea hadi huko. Akajifunga kamba karibu na feni, akafumba macho, akavuta hewa. Polepole kichwa kikapoa. Daktari akampima, akampima tena, halafu akamwachia njia.

Chombo cha mizigo kikatokea dirishani, kiking'aa kwa jua. Mama Pacha alishika usukani wa mkono wa chuma. Vidole vyake vilitulia. Akausogeza mkono taratibu, akangoja, akausogeza tena. Ukakinasa chombo.

"Umekidaka!" daktari akapiga kelele.

Mama Pacha alijivunia kazi yake, na furaha ikamzidi. Machozi yakamjaa. Huko angani machozi hayadondoki, hukaa tu machoni, hata chombo akakiona kwa ukungu.

"Futa macho, mwanangu," nahodha akamwambia kwa upole. "Bado hujakifunga."

Mama Pacha akayafuta kwa mkono wa fulana, akacheka, akakivuta chombo mpaka mlango wa kituo, akakifunga.