Nilimlazimisha Koko Aseme Mwanawe Amekufa

Nina miaka arobaini na moja, mama wa watoto wanne, mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini. Nauza sambaza, wale dagaa wa kwetu, na unga wa muhogo hapa kambini Nakivale, Uganda. Wasomaji wenzangu, naandika haya nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe!

Sisi kina mama wa kanisa moja tulikuwa na kikundi cha kusaidia wazee wasio na mtu. Tuliwachotea maji, tukawatafutia kuni, tukawafulia. Mfadhili wetu alikuwa Mama Kemi, mke wa mwanajeshi kule mjini Mbarara. Alikusanya magodoro na mabati kwa wake za askari wenzake, akatuletea. Sharti lake lilikuwa moja tu: nyumba ya mabati ni ya mzee asiye na mtoto hata mmoja. Alishachoka kudanganywa na wazee ambao watoto wao wana maduka.

Daftari la majina nililishika mimi.

Jirani yangu Koko Nabintu... koko ndivyo tunavyowaita bibi zetu... alikuwa analala chini ya turubai lililochanika. Mwanawe wa pekee, Byamungu, walipotezana njiani wakikimbia vita. Miaka minne! Kila gari lililoleta wageni kwenye kituo cha mapokezi cha Kabazana, koko alikuwa huko na fimbo yake, anauliza.

Sasa niambieni, mtoto asiyejulikana aliko ataezeka nyumba? Kwa sharti la Mama Kemi koko alikuwa na mtoto, basi hana nyumba. Ilinichoma! Mvua inamnyeshea mtu mzima, na mabati yanapita mbele yake yakienda kwa wengine!

Asubuhi ambayo Mama Kemi alikuja kuandikisha, nilimwambia koko aseme mwanawe amekufa. Akakataa katakata.

“Mutoto wangu hayakufa, alipotea tu,” alinijibu. “Mama mwenye kuzaa anaweza sema vile namna gani? Nikisema, nitakuwa nimemuzika.”

Nikampandishia sauti. Nilimwambia hayo ni maneno tu, kila mtu anasema. Kama hataki, aendelee kulowa, na akishikwa na baridi asiniite mimi. Nilimwambia hivyo... mimi, mtu wa kusaidia wazee!

Akasema. Mbele ya watu wote, macho chini, akasema alikuwa na mtoto mmoja na alikufa. Nikaandika haraka asije akageuza maneno.

Nyumba ikajengwa, godoro likaja, kanisani nikapigiwa makofi. Lakini siku hiyohiyo ya kuandikishwa koko aliniomba wembe nimnyoe nywele zote. Kwetu hivyo ndivyo anavyofanya mama aliyefiwa. Nilimnyoa huku namtania kwamba sasa amerudi kuwa msichana. Hakucheka. Tangu hapo hakukanyaga tena Kabazana.

Miezi mitano ikapita. Siku moja Mama Furaha wa kikundi chetu, ambaye alikuwa ameanza juzijuzi kupika uji kule mapokezi, akaja kununua sambaza. Akanisimulia kama habari ya kawaida tu... Kijana mmoja, Byamungu, alifika akimtafuta mama yake, Nabintu. Mama Furaha akamwambia kwamba Nabintu tuliyemwandika sisi mtoto wake alishakufa, kwa hiyo huyo ni mwingine. Kijana akalia, akasema basi anakwenda Mbarara kutafuta kibarua.

Jamani! Nilijua palepale! Na nilifanya nini? Nilipima sambaza, nikafunga, nikanyamaza!

Niliogopa. Nilijiambia Mama Kemi atang'oa mabati, kikundi kitanifukuza, kanisani nitaitwa mwongo. Kila Jumapili nilisema nitaeleza wiki ijayo. Wiki sita, ndugu zangu! Na katikati ya wiki hizo malaria ikamshika koko, ikapanda kichwani. Mwili ulipona, lakini akili ikawa inakuja na kuondoka. Akawa ananiita kwa jina la dada yake.

Hapo ndipo nilipompigia Mama Kemi, nikamweleza yote. Alinifokea hadi sikio likauma.

“Banange! Wewe mama, nani alikuambia mimi nitatoa mabati? Mimi naweza tupa mzee nje? Kwa nini hukuniambia tu mtoto yake amepotea? Mimi ningejenga!”

Ningejenga! Kumbe hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza! Sisi wakimbizi tumezoea vibaya: mbele ya mfadhili tunasema kile tunachodhani anataka kusikia.

Mama Kemi mwenyewe alizunguka akiulizia Wakongomani wa Mbarara. Siku ya tatu akampata Byamungu huko Biharwe, kwenye tanuri la matofali. Akampakia kwenye gari mpaka Nakivale.

Koko alikuwa amekaa mlangoni. Byamungu akapiga magoti, akamwita mama, akamtajia jina lake, jina la baba yake, kijiji chao. Koko alimpapasa uso polepole... Mimi namwomba Mungu kimoyomoyo.

“Pole, mwanangu,” akamwambia kwa upole. “Weye uko mutoto wa watu. Wangu alikufa, siku mingi.”

Nilimwambia Byamungu ukweli wote siku hiyo. Hakunipiga, hakunitukana. Hanisalimu tu, hadi leo. Anaishi na mama yake, anampikia, anamwogesha, na koko anamshukuru akidhani ni mtu wa kikundi. Kama ningefungua mdomo siku ile ya sambaza, si angemtambua? Nani atanirudishia wiki sita?

Nawasihi, ninyi mnaosaidia wazee, msiwawekee maneno mdomoni! Mzee akikwambia hapana, msikilize, hata kama wewe ndiwe unayemletea maji. Sharti likiwa baya, mwambie aliyeliweka. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla woga haujakuzoea.

Jana nilipeleka maji, nikawakuta wanasali. Koko alikuwa anamwombea huyo kijana mwema ili Mungu amwonyeshe mama yake angali hai. Byamungu akajibu amina. Mimi nikaweka jerikani chini, nikashindwa hata kubisha hodi.