Nafasi ya Mchezaji Aliyevunjika Mguu

Kosa lenyewe lilianza kama ustaarabu. Mchezaji mmoja, waliyemwita Twiga kwa urefu wake, alivunjika mguu, na mwalimu wao wa dansi hakuwa na nguvu ya kutafuta mwingine. Alikuwa amechoka, jamani. Miezi chungu nzima alikuwa akiigeuza santuri moja kongwe ya jazi, nyimbo zake zote, upande kwa upande, iwe onyesho la dansi jukwaani, na magoti yalishaanza kumgomea. Basi akafanya kama wafanyavyo wacheza dansi mwenzao akikosekana: nafasi ya Twiga ikaachwa wazi, na kila mtu akacheza kana kwamba yumo. Mdogo wa kike wa mwalimu, aliyepangwa kucheza na Twiga, akabaki kushikana mikono na hewa.

"Mkaribishe, mtazame machoni," mwalimu alimwambia. "Usimpite kama nguzo."

Binti akakaribisha. Asiyeitwa akaitika.

Kwanza vilisikika visigino. Wachezaji wote walikuwa pekupeku, lakini tarumbeta ilipopanda, sakafu ya mbao ililia ko, ko, ko, kando ya yule binti. Kisha ikaja harufu ya marashi yaliyochacha. Binti akaanza kukonda. Akitoka mazoezini hali wala hasemi, na siku moja, akibadilisha nguo, mwalimu, dada yake, akaona kiunoni mwake alama za vidole, virefu kuliko vya mtu.

"Nani kakushika hivi?" alinong'ona.

"Twiga, dada."

"Twiga yuko kitandani kwao."

"Basi usiniulize." Binti akashusha blauzi. "Anasema onyesho likiisha, ananichukua."

Mwalimu alimlea binti huyu kwa mikono yake tangu mama yao afariki, hakuwa na ndugu mwingine. Akamleta mganga mchana uleule. Mganga akanusa jukwaa, akakaa chini kama mtu aliyetembea mbali.

"Huyu hakuvamia, mwalimu. Mlimpa nafasi. Ikijazwa, hana pa kukaa. Ingia wewe."

Kesho yake santuri ikawekwa. Mwalimu akaondoka pale mbele alipozoea kusimama akihesabu mapigo, akaingia nafasi ya Twiga, na papo hapo baridi ikamsukuma kifuani, marashi yakamziba pumzi, visigino vikagonga mbele yake, nyuma yake, katikati ya miguu yake, naye akaushika mkono wa mdogo wake asiuachie, akacheza huku magoti yakimlilia, akacheza mpaka visigino vikarudi nyuma, vikapungua, vikanyamaza.

Binti akaangua kilio kama mtoto aliyeamshwa.

"Dada, nimechoka."

"Hata mimi, mdogo wangu. Twende nyumbani."

Santuri ilikuwa imefika mwisho, inakwaruza tu. Ndipo pale mbele, mahali alipopaacha mwalimu, makofi mawili yakapigwa.

"Rudini mwanzo," ikasema sauti ya mwalimu mwenyewe. "Na moja, na mbili."

Sindano ikajiinua, ikarudi ilikoanzia. Wachezaji, waliozoea kuitii sauti ile hata wakiwa hoi, wakajikokota hadi kwenye nafasi zao, na binti pamoja nao. Mwalimu alifungua kinywa awakataze. Hakikutoka kitu, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kucheza.